Kijiji cha Ngano Ukutani

Kila mwaka baridi inapoanza, siku ya kwanza ninapowasha hita ya umeme iliyokaa pembeni mwa sebule miezi yote ya joto, vumbi lililotua juu ya nyaya zake huungua na kutoa harufu kavu inayowasha pua kidogo. Haidumu. Wajukuu wangu hulalamika kwa Kiingereza na kukimbilia dirisha, nami huwaomba wangoje kidogo. Wao wanasikia harufu ya vumbi tu. Mimi narudi kwenye alasiri ya Alhamisi katika darasa letu kule Nechells, hapa Birmingham, mapazia yamevutwa, watoto tumeketi sakafuni magoti yakigusana, na taa ya mashine ya kuonyeshea picha imeanza kupata moto.

Ninyi mliosoma shule za mji huu miaka ile mtaikumbuka mashine hiyo. Haikuwa sinema, maana picha zake hazikutembea. Zilikuwa kwenye ukanda mwembamba uliozongwa ndani ya kikopo. Mwalimu alizungusha kitufe, picha moja ikaondoka na nyingine ikaja ukutani, mara nyingine ikiwa kichwa chini, na hapo ndipo tulipopata nafasi ya kucheka. Siku ninayoisimulia sikucheka, kwa sababu picha ya kwanza iliyotokea ukutani ilikuwa ya nyumbani kwetu.

Kwetu ni Kambi Ngano, kijiji kidogo katika uwanda wa juu upande wa Eldoret. Kilikuwa na mtaa mmoja tu. Kulikuwa na stesheni ya reli, ghala la ngano kando ya stesheni, duka la Mhindi, kinu cha kusaga posho, kanisa la mabati, na mistari miwili ya nyumba za wafanyakazi. Baada ya hapo ilikuwa ngano, na baada ya ngano nyasi, na upepo uliokuja kutoka mbali bila kukutana na mti hata mmoja.

Baba alipenda kunieleza jinsi kijiji kilivyoanza. Zamani, alisema, pale liliposimama ghala babu yake alichunga ng'ombe, na nyasi zilifika kiunoni. Kisha wakaja Makaburu na magari ya kukokotwa na maksai. Ng'ombe wa babu wakasukumwa ng'ambo ya mto na ardhi ikalimwa ngano. Reli ilipofika, ngano ikapata njia ya kutoka. Pakajengwa stesheni, na penye stesheni pakaja duka, na penye duka wakaja watu wa kila kabila kutafuta kazi ya mavuno. Ndivyo Baba, ambaye ni Mnandi, alivyokutana na Mama, Mmaragoli aliyekuja na shangazi yake kushona midomo ya magunia. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumba yetu ikawa nyumba ya Kiswahili.

Riziki yote ya kijiji ilipita mlangoni pa ghala, na mlangoni pa ghala alisimama Baba. Alikuwa na bambo, kile chuma kirefu chenye ncha na mfereji katikati. Alikichoma ubavuni mwa gunia, kikatoka na ngano ya kujaa kiganja. Aliitazama, akainusa, akatafuna punje chache huku macho yake yakielekea juu, ndipo akasema kama imekauka au irudishwe juani. Mzungu mwenye ekari elfu na mkulima aliyegawiwa kipande chake juzi, baada ya uhuru, wote walisimama kimya wakingoja amalize kutafuna. Mimi alinipa punje zangu, nikazitafuna mpaka zikanata kama ubani.

Mama aliondoka nikiwa na miaka mitano. Alikuwa msaidizi katika hospitali ya misheni, akapata nafasi ya kusomea uuguzi Birmingham. Nilipotimiza minane alikuwa amekwisha hitimu, amepata vyumba viwili juu ya nyumba ya mama mmoja Mjamaika, akaandika niletwe. Aliyenileta alikuwa Fundi Pritam. Huyu alikuwa Kalasinga mwenye kifua kipana na kicheko kikubwa, aliyetengeneza mashine za kuvunia za mashamba yote ya upande wetu. Miaka ile Wahindi wengi wa Kenya walikuwa wakihamia Uingereza, naye na mkewe walikuwa wanamfuata binti yao. Baba alitusindikiza hadi stesheni. Aliushika mkono wangu akauweka ndani ya mkono wa Fundi, kama mtu anayekabidhi kitu kwa ushahidi, akaniambia, "Nitakuja baada ya mavuno." Niliingia kwenye behewa nikiwa na furaha. Mavuno hayakuwa mbali.

Birmingham nilikuta kila kitu kina rangi ya masizi. Karibu na kwetu kulikuwa na kituo cha umeme chenye minara mipana iliyotoa mvuke mchana kutwa. Niliamini hayo ndiyo maghala ya ngano ya Waingereza, na kwamba ngano yao ilikuwa mbichi, ndiyo maana ilifuka namna ile. Nilimhurumia Baba kwa kazi iliyokuwa ikimngoja. Yeye aliandika barua kila mwezi na Mama alinisomea kwa sauti. Ya mwisho ilisema kwamba mvua ilikuja vizuri, wakulima wapya wameleta ngano nyingi kuliko miaka yote, na ghala limejaa mpaka magunia yanakaribia mabati. Mama aliisoma mara mbili. Alinunua blanketi la tatu, akaliweka juu ya kabati.

Sasa nirudi darasani. Mwalimu wetu aliitwa Miss Dunn, mwanamke mrefu, mpole, aliyeniita Betty kwa sababu jina la Chebet lilimshinda. Nilikuwa na miezi saba hapa, na Kiingereza changu kilikuwa na matundu mengi. Niliyakamata maneno niliyoyajua na kuyaunganisha mwenyewe. Kwa hiyo sikuelewa alipotangaza kwamba majuma kadhaa tungejifunza habari za kijiji kimoja kidogo cha wakulima. Niliona tu reli iliyonyooka katikati ya uwanda, ghala refu la mbao kando yake, mtaa mmoja, duka, kanisa, na ngano pande zote hadi macho yanapokomea. Ghala lilikuwa refu kuliko letu. Nikaona kwamba limeongezwa tangu niondoke.

Mwalimu alirudia neno moja tena na tena, *prairie*, yaani uwanda wa nyasi, nami nililisikia kama *prayer*. Kijiji cha sala. Niliona ni sawa kabisa, maana Mama alikiombea Kambi Ngano kila asubuhi kabla ya chai, na yaliyokuwa ukutani yalikuwa majibu. Halafu akasema kwamba kabla ya ngano ardhi ile ilikuwa ya *Indians*, yaani wenyeji wa pale, nami nikasikia Wahindi. Hapo shaka yote ikaniisha. Wahindi tulikuwa nao, wenye duka na mafundi, ingawa mwalimu alikuwa amekosea mpangilio. Wa kwanza walikuwa watu wa babu yake Baba, na Wahindi walikuja na reli. Nilitaka kuinua mkono nimsahihishe kwa adabu, lakini maneno hayakunitosha.

Alhamisi ya pili alitueleza kazi za mwaka mzima. Alisema jinsi wanavyopanda na kungoja mvua, jinsi mvua ya mawe inavyoweza kumaliza shamba lote mara moja, kisha mavuno, mizani, na treni inayobeba ngano kwenda bandarini. Yote niliyajua. Watoto wengine walikuwa wakifinyana gizani, mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mzee kanisani. Ndipo ikaja picha ya mlango wa ghala. Ndani ya mlango alisimama mtu mwenye kofia, mkono mmoja ameuweka juu ya gunia. Jua lilikuwa nyuma yake na uso wake ulikuwa kivuli kitupu, lakini mimi sikuhitaji uso.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anafunga vifungo vya yunifomu aende zamu yake. Nikamwambia nimemwona Baba shuleni, amesimama mlangoni pa ghala. Alidhani nimemchora. Akasema nimletee hiyo picha aione, akanibusu kichwani, akashuka ngazi mbio asikose basi.

Jumapili iliyofuata Fundi Pritam alikuja. Kila Jumapili, kama hakuwa na kazi kiwandani, alipanda basi kutoka mtaa wa Stechford pamoja na mkewe, wakatuletea chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Siku hiyo alikuja peke yake na mikono mitupu. Nilimkimbilia mlangoni kwa kuwa nilikuwa na jambo la kumchekesha. Nikamwambia mwalimu wetu anasema Wahindi ndio waliokuwa wa kwanza Kambi Ngano. Nilisubiri kile kicheko chake. Hakucheka. Aliniwekea mkono kichwani akauacha hapo kwa muda, na mkono wake ulikuwa mzito. Kisha akamwambia Mama, kwa sauti ndogo, kwamba kuna barua kutoka kwa ndugu yake aliyebaki Eldoret.

Mama akanituma chini kwa mwenye nyumba. Nilipoitwa tena, Mama alikuwa kitandani ameelekea ukutani, na Fundi Pritam ameketi kwenye ngazi nje ya mlango, mikono yake mikubwa ikining'inia katikati ya magoti. Aliniambia Mama ana homa.

Ilikuwa homa kali, niliona. Hakwenda kazini siku nne. Wakaja akina mama wa ushirika wetu wa maombi, wauguzi wenzake kutoka Kenya, wakaimba nyimbo za polepole na kupika chai nyingi. Waliponiona walinyamaza. Mmoja, Mama Naomi, ambaye tulimheshimu kama nyanya, alinivuta akanikagua masikio na kucha kama vile mimi ndiye mgonjwa. Nilikuwa msichana mwenye manufaa. Nilimpelekea Mama maji, nikamwekea kitambaa chenye baridi kwenye paji la uso, na nilipoona macho yake yamevimba nilimweleza kwamba homa hushuka, asiogope. Alinishukuru. Alininong'onezea asante mara nyingi mno.

Nilijua baadaye sana alichokuwa ameamua. Kwao mtoto hakupewa habari ya kifo kwa maneno matupu. Alipelekwa, akashikwa mkono, akaonyeshwa kaburi, na watu wake wakiwa wamemzunguka. Mama hakutaka nizipate habari zile katika chumba cha kupanga, mbali na kila mtu, kutoka kwa mdomo wake peke yake. Alitaka kunipeleka nyumbani kwanza. Njia ya kunipeleka haikuwapo, na siku zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi. Nimekuwa mama mwenyewe na sioni kama mimi ningefanya vizuri kuliko yeye. Alifariki miaka michache iliyopita huko Northfield, alikohamia alipostaafu, na baada ya mwaka ule, mpaka mwisho, hakuna kati yetu aliyeitaja tena homa ile.

Shule ilikuwa na mapumziko ya juma moja, na tuliporudi Miss Dunn akavuta mapazia kwa somo la tatu. Safari hii picha zilikuwa za miaka ya karibuni. Alituambia kwamba mashine zimekuwa kubwa, kwa hiyo mashamba nayo yamekuwa makubwa na wakulima wachache. Vijana wamekwenda mjini. Duka limekosa wateja. Treni imeacha kusimama. Akazungusha kitufe, na lile ghala likaja ukutani, rangi imebanduka, nyasi zimeota katikati ya reli, na mlango umepigiliwa mbao mbili zilizokatizana. Akasema hakuna mtu tena pale.

Niliinua mkono. Nikauliza kwa Kiingereza changu yule mtu wa mlangoni yuko wapi.

"Hayupo, Betty," akasema kwa upole. "Wote wameondoka."

Sikulia. Kuondoka si kubaya. Sisi wenyewe tulikuwa tumeondoka. Nilichowaza njia nzima ni kwamba Baba yuko safarini na Mama hana habari, blanketi bado liko juu ya kabati, na pengine amefika stesheni fulani ya mji huu na hakuna wa kumpokea.

Mama alikuwa anapiga pasi. Alikuwa amerudi kazini, amekonda, lakini tayari alikuwa anaweza kuuliza shule ilikuwaje.

"Mama," nikasema, "mwalimu amesema Baba hayupo."

Pasi ilisimama juu ya nguo. Nilisikia harufu ya kitambaa kikianza kuungua kabla hajaiinua.

"Mwalimu amejuaje?"

"Ametuonyesha. Ghala limefungwa kwa mbao. Nilimuuliza mimi mwenyewe, akasema Baba hayupo tena."

Akaketi kitandani polepole. Leo najua aliyoyawaza. Aliamini kwamba Fundi Pritam amekwenda shuleni, au mwenye nyumba, au mmoja wa wale wauguzi, kwamba kila mtu amekwisha kunipa habari aliyoificha na yeye peke yake ndiye amebaki nyuma.

"Ni kweli," akasema. "Hayupo, mwanangu. Nilitaka nikwambie mimi mwenyewe."

"Amekwenda wapi?"

Alinitazama, na niliona uso wake ukibadilika, maana alianza kuelewa, na alikuwa amechelewa.

"Amekufa," akasema. "Mwalimu hakusema hivyo?"

Akanieleza. Alinieleza kila kitu kwa mfululizo, kama mtu aliyekariri. Magunia yalipangwa juu mno. Asubuhi moja, Baba akiwa anapima ngano chini yake, rundo zima liliporomoka. Watu walichimba kwa mikono. Amekwisha zikwa, kwao, ng'ambo ya mto, na watu walikuwa wengi. Nilisikiliza mpaka mwisho nikaitikia kwa kichwa. Nilikubali, kwa sababu mwalimu alikuwa amesema na Mama alikuwa amesema, na sikuona jinsi watu wazima wawili wasiojuana wangeweza kukosea jambo moja. Usiku ule na siku zilizofuata nilikwenda na kurudi, nikala, nikasoma. Mama alinichungulia kila mara, akingoja nilie.

Alhamisi ikafika. Mapazia yalikuwa wazi. Miss Dunn aliteremsha ramani kubwa ya dunia iliyokunjwa juu ya ubao, akasema sasa tutazame kijiji chetu kiko wapi hasa. Akaweka kidole juu kabisa, upande wa kushoto, kwenye nchi kubwa ya rangi ya waridi, akasema Kanada.

Afrika niliijua kwa umbo. Mama alikuwa amenionyesha mara nyingi, akiweka ukucha pale tulipozaliwa. Niliinua mkono nikauliza Kenya iko wapi. Miss Dunn alifurahi kwamba nimeuliza. Bila kuondoa kidole cha kwanza, alinyoosha mkono wake mwingine kuvuka bahari yote, akatafuta, akaipata. Alisimama hivyo, mikono yake mirefu imetanuka, ubavu umebanwa kwenye ramani.

"Si kijiji kimoja?" nikauliza.

"Hapana, mpenzi. Ni mahali pengine kabisa."

Sijawahi kupata furaha kama ile maishani mwangu, na nimefunga ndoa, na nimezaa. Sikusubiri kuvaa koti vizuri. Nilikimbia barabara nzima, nikapita kwenye mabomoko ya nyumba ambako tulikatazwa kupita, nikapanda ngazi nikiwa sina pumzi. Nilimkuta Mama anamenya viazi. Nikamwambia nilikosea. Kijiji cha mwalimu ni cha Kanada, nimeona kwa macho yangu, ni mbali na kwetu mkono mzima. Lile ghala si letu. Yule mtu si Baba. Nilimwomba radhi kwa kumliza bure. Nikamwambia asilie tena, Baba hajafa, atakuja baada ya mavuno kama alivyosema.

Mama hakunikatiza. Aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Nilidhani anatafuta neno la kunisamehe.

"Chebet," akasema. "Mimi sikuambiwa na mwalimu."

Alikwenda chumbani akarudi na Biblia, na ndani ya Biblia kulikuwa na barua. Akaniketisha, akanisomea. Ilikuwa fupi. Ndugu yake Fundi Pritam aliandika Kiswahili cha dukani, maneno machache yaliyonyooka, na hayakuacha nafasi ya kujificha. Jina la Baba lilikuwamo, na jina la Kambi Ngano. Alipomaliza niliuliza barua ilikuja lini. Akasema ililetwa na Fundi, siku ile alipokuja peke yake.

"Siku ile ya homa," nikasema.

"Siku ile ya homa."

"Kwa hiyo hukuwa na homa."

"Sikuwa na homa."

Niliteremka ngazi nikaketi jikoni kwa mwenye nyumba na nikakataa kupanda mpaka Mama aliponibeba. Sikuwa na hasira kwa sababu Baba amekufa. Jambo hilo lilikuwa kubwa mno, halikuingia kokote. Nilikuwa na hasira juu ya kile kitambaa cha baridi na yale maji niliyompelekea. Tangu jioni ile, kila Mama aliponisemesha nilimjibu kwa Kiingereza. Niliyatafuta maneno, nikayatumia hata yale nisiyoyajua vizuri. Alinisemesha Kiswahili na mimi nikajibu *yes* na *no* na *I don't know*. Hakunigombeza. Siku ya tatu nilimsikia ngazini akimweleza Mama Naomi kwamba ameniua mara mbili kwa kutaka kuniokoa, na Mama Naomi akimjibu kwamba basi tuanze matanga upya, na mtoto awepo.

Jumapili wakaja wote tena. Mke wa Fundi Pritam alikuja, kichwa amekifunika kwa shali nyeupe. Safari hii sikutumwa chini. Mama aliniketisha kwenye kiti kando yake, upande wa wafiwa, na kila aliyeingia alinipa mkono mimi pia. Fundi Pritam aliinama sana kunifikia. "Pole, mama," akaniambia, kama anavyoambiwa mtu mzima. Waliomba, wakaimba. Kisha Mama Naomi akasema kwamba ni desturi watu wa nyumba waseme marehemu alikuwa nani, maana wengi waliokuwamo chumbani hawakumjua. Mama alisimama. Alifungua mdomo mara mbili, akaketi.

Nikasimama mimi. Sikujua habari za wafu zinavyosemwa, sikuwahi kukaa matangani. Njia pekee niliyoijua ya kusimama mbele ya watu na kueleza jambo ilikuwa ya Miss Dunn. Kwa hiyo nilianza kama yeye, lakini kwa Kiswahili. Nikasema kwamba Kambi Ngano ni kijiji kidogo cha wakulima katika uwanda wa juu. Nikasema ni nani waliokuwa pale kwanza, na ni nani waliofuata, na kwamba Wahindi walikuja na reli, na Fundi Pritam akatikisa kilemba chake kukubali. Nikasema watu wa pale hupanda mvua zikija na huvuna mvua zikiisha, na kwamba tangu uhuru mashamba makubwa yanagawanywa na wakulima wamekuwa wengi. Nikasema hakuna gunia linalopanda treni mpaka lipite mlangoni pa ghala, na mlangoni yuko baba yangu, na wote wanamngoja yeye aseme. Nilisema yuko. Hakuna aliyenisahihisha.

Hapo nikakwama. Somo la mwalimu lilikuwa na mwisho wake, na mimi sikuutaka, na mwisho wangu sikuweza kuutamka. Mama akasimama tena kando yangu, akanishika mkono.

"Alikuwa mume wangu," akasema, "na baba yake huyu. Amekufa, na hatukumzika."

Akaketi na kunivuta mapajani mwake, mkubwa nilivyokuwa, nasi tukalia, mimi na yeye kwa pamoja, kwa mara ya kwanza. Wageni walikaa nasi mpaka tulipomaliza.